Kibao cha Ghala la Baruti

Mume wangu aliporudishwa nyumbani kutoka Mashamba, machimbo ya shaba, kifua chake kilikuwa kimejaa vumbi la miaka yote aliyotoboa miamba. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Daktari aliniambia mimi, si yeye, kwamba moshi utammaliza. Na mimi nilikuwa na nganda, kibanda cha kuuza bia uani kwetu Kolwezi, ambapo wenzake wa zamu ya asubuhi walikuja kila alasiri kunywa na kuvuta sigara hadi huoni nani amekaa kwenye kona.

Kwa wiki mbili sikutulia. Nafagia, naacha fagio katikati, nakwenda kumsikiliza akipumua, narudi. Kisha nikaamua: kwangu hakuna kuvuta tena.

Kuwaambia kwa mdomo niliogopa, maana wanaume wale wangenitania hadi nibadili nia. Nikakumbuka kibao cha chuma kilichofunika banda la kuku, ambacho mume wangu alikileta zamani kilipobadilishwa kazini. Kilitoka mlangoni mwa ghala la baruti: fuvu, mifupa miwili, na maneno ya Kifaransa ya kukataza moto. Nikakisugua, nikakipigilia juu ya meza za bia.

Siku hiyo waliingia wanane. Macho yalipoona fuvu, mikono ilizima sigara kabla hata ya kichwa kufikiri. Ndivyo walivyozoezwa: kule machimboni ukikidharau kibao kile, hakibaki hata kiatu cha kuzika. Nilifurahi kama mjinga. Lakini walikunywa wamekaa wima, kofia mapajani, wakisema chini chini, na hakuna aliyeagiza chupa ya pili. Kesho yake hakuja mtu.

Walikuwa ng'ambo ya njia, kwenye magogo mbele ya ukuta wa jirani, na bia waliyonunua kwingine. Nikavuka na hasira zangu zote. Nyumba ni yangu, nikawaambia, na bia ni yangu. Kwa nini mwenye nganda asiamue kinachovutwa chini ya paa lake? Kapita wao, mkubwa wa zamu, mtu mpole, alisimama kunijibu.

"Ni yako, mama, hakuna mutu anakatala. Lakini hii kibao tunaikala chini yake ku kazi tangu asubui. Kwako tulikuwa tunakuya juu ya kuisahau."

Nikakitoa siku ileile, ila katazo likabaki palepale. Sikuwa tayari kumzika mtu kwa sababu ya sigara za watu wengine, na mpaka leo naamini nilikuwa na haki. Hawakurudi.

Mume wangu alibaki peke yake kati ya meza sita safi. Kikohozi kilipungua, sitadanganya. Alianza kulala bila kuegemea mito mitatu. Lakini mchana alitazama ng'ambo tu. Nikimsemesha anajibu neno moja. Nikahamisha meza, nikazirudisha, nikaosha glasi ambazo hazikuwa chafu. Nyumba nzima ilinikera.

Alasiri moja akabeba kiti chake na kwenda kwenye lango. Nikamzibia njia. Nikamwambia moshi ule utamuua, na kwamba yote haya niliyafanya kwa ajili yake. Aliweka kiti chini kwanza ili apate pumzi ya kusema.

"Najua, mama. Lakini pumuzi yenye haina batu, mi nitafanya nayo nini?"

Nikampisha. Alivuka polepole, akasimama mara mbili njiani, nao wakasogea kumpa nafasi. Muda si mrefu nikasikia kicheko chake, kisha kikohozi, kisha kicheko tena. Nilitaka kulia kwa hasira.

Nikachukua chupa yake nikampelekea. Kapita aliponiona alianza kuisaga sigara yake kwenye gogo, na wengine wakafuata. Nikawaambia wasizime. Mume wangu alipokea bia bila kunitazama, nami nikarudi upande wangu wa njia.