Hasira za Bibi

Nilizaliwa Zagayu, nikapewa jina la bibi mzaa baba, na pamoja na jina nikapewa hasira zake. Ndivyo walivyosema. Bibi alikuwa mkali kama pilipili, alikufa kabla sijazaliwa, na kwetu Wasukuma anayerithi jina huheshimiwa kama mwenye jina. Kwa hiyo nilipogaragara chini nikipiga mayowe na kutupa kila kilichokuwa karibu, hakuna aliyenichapa, wala aliyenibembeleza. Baba alipiga magoti, akanipulizia maji kifuani.

"Tusamehe, mayu. Tumekukosea nini?"

Alikuwa anaongea na mama yake. Mimi nilikuwa mtoto ambaye mdogo wake, aliyelala naye kwenye ngozi moja, alikuwa ametoka kuzikwa.

Nikaolewa Dutwa, miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na mizani yao. Mume wangu aliwakusanyia pamba vijijini, nyumbani akawa mgeni. Ukweni hakuna aliyemjua bibi yangu, basi mimi nikawa kichaa tu. Jambo dogo, uji umefurika au kuku wameingia kwenye unga, mwili wote ukawaka. Nilivunja, nilitukana, halafu nililia mpaka jioni nikiona heri nife. Binti yangu alikuwa akisimama nyuma ya ghala, akisubiri nitulie.

Siku moja nilirusha sufuria, ikampita karibu na sikio. Wifi yangu alikuwepo. Alizifunga nguo za mtoto kwenye kanga, akamshika mkono kwenda naye kwake Malampaka.

"Wifi, sikunyang'anyi mtoto," aliniambia. "Ukipona utamchukua. Usipopona, atakulia kwangu."

Nilikwenda kwanza kwa baba. Akasema bibi hapendi ugenini, akachinja mbuzi, tukamwomba radhi. Mbuzi alikuwa mnono, tulikula vizuri, na wiki ile ile nikavunja dirisha. Hapo ndipo nilipopanda basi kwenda hospitali Bariadi. Nilipouliza chumba cha wagonjwa wa akili, waliokaa kwenye benchi walijisogeza pembeni. Niliwaona, na nilitamani kuwarushia benchi lenyewe.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Hakuuliza nimerithi jina la nani.

"Kabla hujarusha kitu, mwili unasikia nini?"

"Masikio yanakuwa ya moto."

"Na kabla ya masikio?"

Nilimchukia kwa swali lile. Halafu nikaanza kulia, nikamtaja mdogo wangu, ambaye sikuwahi kumlilia mbele ya mtu yeyote kwa sababu kila nilipoanza kulia, watu walimwamkia bibi.

Nilirudi kwake msimu mzima. Alinifundisha kutoka nje masikio yanapoanza tu, si sufuria ikiwa tayari mkononi, kuvuta pumzi polepole, na kusema kwa sauti, "Nina uchungu." Hakunidanganya. Alisema hisia zangu hupanda haraka na kushuka taratibu, na kwamba nitajifunza kuishi nazo, huenda zisiishe. Alimwita mume wangu pia, akamwambia asibishane nami wakati wa hasira, wala asinikimbie. Kuna wiki nilishindwa kabisa, nikarudi Bariadi kwa aibu, muuguzi akanipokea kama aliyeniona jana.

Nilimweleza baba.

"Sasa kama hakuwa mayu, nilikuwa nampigia magoti nani?"

"Mimi, baba."

Aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe. Hatukulizungumza tena mpaka akafa, na hilo linaniuma kuliko yote.

Baada ya mavuno, wifi alimleta binti yangu. Alikuwa amerefuka. Alipiga goti akaniamkia vizuri, kama anavyoamkiwa mtu wa heshima. Nilipika wali na kuku, akala, hata akacheka, na wifi akaondoka akiwa ameridhika. Mtoto alichagua kukaa mkekani karibu na mlango, kandambili zake miguuni.

"Vua viatu, mwanangu, umefika kwenu."

Aliniangalia usoni kwanza, kama mtu anayetazama mawingu kabla ya kuanika pamba.

"Bado, mama," akasema.