Kiondo cha Jeraniamu

Mama mkwe wangu alisuka viondo tangu usichana wake, mpaka macho yalipoingia giza akiwa katikati ya kimoja. Alikuwa amekaribia mdomo wa kiondo, nyuzi za katani bado zimesimama juu hazijafungwa. Siku hiyo akakiweka chini, akasema, "Basi." Daktari alisema tumechelewa kumpeleka. Tangu hapo hakugusa uzi tena. Alikaa verandani kwetu Matinyani, huku kwenye ukame, mikono mapajani, na ile mikono, haki ya Mungu, ndiyo iliyokuwa ikiniuma kuliko macho yenyewe. Ilikuwa haijui ifanye nini.

Mimi nilizaliwa milimani Kilungu, upande wa Makueni, ambako kuna baridi na maua humea hata kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Mwaka juzi nilitoka kumtembelea mama yangu na vijiti vitatu vya jeraniamu nyekundu, nimevifunga kwa kitambaa chenye maji. Kupanda chini hakufai hapa, mbuzi hawakuulizi. Lazima maua yaning'inie. Nikatazama huku na huku, jicho likaangukia kile kiondo.

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, "kile kiondo ambacho hakikuisha, nikikitundika nipande maua?"

"Asi!" akasema. "Kiondo ni cha kubebea chakula. Wewe unataka kukijaza udongo?"

Nikajuta kuuliza. Kisha akasema, "Chukua. Lakini kikinifia bure, usiniambie."

Nikakichukua kwa mikono miwili. Nilijua ni cha mwisho na hakuna kingine kitakachokuja. Nikachanganya udongo na samadi kuukuu, nikapanda vijiti vyangu, nikakitundika kwa waya kwenye boriti ya veranda, karibu na kiti chake.

Nilijifanya mtaalamu, wueh! Kila asubuhi nilikiinua kidogo kwa kiganja. Kikiwa chepesi, nakimwagilia mpaka maji yatone chini. Chakula chake kilikuwa chai ya mbuzi. Yaani unatia samadi ya mbuzi kwenye kigunia, unakitumbukiza kwenye ndoo ya maji kwa wiki moja, halafu unazimua mpaka ibaki rangi ya turungi nyepesi, chai isiyo na maziwa. Mwaitu alikuwa akiinusa na kusema mbuzi wake hawajawahi kuheshimiwa namna hii. Jeraniamu zikashika, zikatoa majani, zikatoa hata maua mawili. Nikamwelezea yalivyo mekundu. Akasema, "Mh."

Halafu kiangazi kikaanza, na kingo za majani zikaanza kuwa kahawia, kana kwamba mtu amezipitisha motoni. Nikasema ni njaa. Nikaongeza chai. Zikazidi kuungua. Nikasema ni kiu. Nikaongeza maji. Majani yakaanza kudondoka moja moja miguuni pa Mwaitu, na mimi nikawa naamka mapema kuyaokota kabla hajatoka nje. Mtu mzima mimi, naficha majani kama mwizi! Lakini ningemwambia nini? Kwamba kazi ya mwisho ya macho yake nimeigeuza kaburi la maua?

Asubuhi moja akanitangulia. Nilimkuta amesimama chini ya kiondo, vidole vyake vinapanda polepole kutoka kitako hadi mdomoni. Akavunja kipande cha jani, kikalia kwa ukavu. Nikaweka ndoo yangu chini. Kisha akakwaruza katani kwa ukucha, akaupeleka ukucha ulimini.

"Chumvi," akasema. "Mwanangu, unakuza maua ama unakausha nyama?"

Hapo ndipo nilipoona, mimi mwenye macho. Kiondo chote kilikuwa na utando mweupe, ambao kwa wiki nzima nilidhani ni vumbi.

Huku kwetu kuna maji mawili. Ya kisima cha pampu yapo karibu na ni mengi, lakini yana chumvi: ni ya kufulia na ya mifugo. Matamu ni yale ya mtoni, ya kuchimbwa mchangani na kuletwa na punda. Hayo hunywewa na watu tu. Nilikuwa nimeolewa huku miaka kumi na mmoja na bado nina akili ya Kilungu, kwamba maji ni maji. Nilikuwa nikimwagilia ya pampu, na nilipoongeza chai, kumbe naongeza chumvi juu ya chumvi.

"Lete mtungi wa kunywa," akasema.

"Mwaitu, ni mmoja tu uliobaki."

"Si ni mimi nitakayelala na kiu? Punda ataenda kesho. Lete."

Nikamimina kikombe baada ya kikombe. Yeye alikinga kiganja chini, akionja matone yanayotoka. "Bado," anasema. Namimina. "Bado." Maji yaliyotoka tuliyakinga kwenye karai, na mbuzi wakayagombania kwa ule utamu wa chumvi yake. Mtungi ulipofika nusu akaonja, akaonja tena, akatabasamu. "Sasa haya ningempa mtoto." Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, kama niko kanisani.

Tangu siku hiyo jeraniamu ilipata kikombe kimoja cha maji ya mtoni kila asubuhi, cha Mwaitu mwenyewe, akisema yeye chai inamtosha. Chai ya mbuzi nikaipunguza. Mvua ilipokuja, mmea ulikuwa umefunika nyuzi zote zilizobaki wazi, ukashuka pande zote mwekundu mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuuliza.

Ila katani na maji havipatani. Mwaka huu, nikikiinua kama kawaida, nilisikia kitako kikibonyea na kuacha kiganjani mwangu vipande vilivyooza. Safari hii sikuficha kitu. Nikakishusha, nikakiweka mapajani mwake, nikamwambia, "Mwaitu, kiondo chako kimetoboka."

Aliingiza vidole chini, pale alipokianzia miaka ile. Katani ilikuwa imekwisha kabisa, lakini udongo haukumwagika. Mizizi ilikuwa imezunguka pale, myeupe, mduara ndani ya mduara, mmoja ukipita juu ya mwingine na chini ya mwingine, imebana hata kidole hakipenyi. Aliifuata kuanzia katikati kwenda nje, polepole, midomo ikicheza kama anayehesabu.

"Nani ameanza kiondo kingine hapa?" akauliza.

"Ni mizizi, Mwaitu. Mizizi ya maua."

Akarudi katikati, akaanza kuizunguka upya.

"Na hii mizizi," akasema, "ina macho?"

"Haina."

Akanirudishia kiondo, akajifuta udongo kwenye leso, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu.

"Basi niletee katani."