Mkunjo Niliowafundisha Askari

Nilifika Moroni nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikikimbia mauaji ya Wangazija kule Mahajanga. Sisi tuliorudi tuliitwa wote kwa jina la shirika la ndege lililowabeba wenzetu, hata mimi niliyekuja kwa meli nikitapika njia nzima. Nilipanga chumba mtaa wa Magoudjou, na uani nikaning'iniza gunia la mchanga. Majirani walisema yule mkimbizi ana wazimu, kila alfajiri akitoka msikitini anapigana na gunia.

Kupigana nilifunzwa na baba yangu, aliyekuwa mpagazi wa bandarini. Hakujua jina la alichonifunza. Alijua tu wapi pa kumshika mtu mzito ili aanguke, na alitaka nirudie mara mia mpaka nipate. Alipouawa nilibaki na hicho tu.

Mjini kulikuwa na klabu ya judo. Mwalimu wake alisomea Ufaransa na alikuwa na vyeti ukutani. Nikaenda.

"Una mkanda gani?" akaniuliza.

"Sina."

"Nani alikufundisha?"

"Baba. Mpagazi."

Wanafunzi wakacheka. Akaniashiria nikae na watoto wa mkanda mweupe. Nikamwomba kwanza anijaribu na yeyote amtakaye. Akanipa kijana wa mkanda wa kahawia, nikamwangusha mara mbili, ya pili polepole ili kila mtu aone. Mwalimu hakukasirika. Alinishika bega kama anayempa mtu pole.

"Nguvu unazo, ndugu yangu. Lakini hii si judo. Huu ni ugomvi wa bandarini."

Sikurudi tena. Wakati huo mamluki wa Kizungu walikuwa wamekwisha kuiteka nchi, na kazi Moroni zilikuwa za wenye ndugu. Nikavuka kwenda mji wa Mutsamudu, kisiwa kingine, kupakua mizigo bandarini.

Huko nilipata rafiki niliyemtafuta maisha yangu yote bila kujua. Alikuwa fundi, yaani mwalimu wa chuo cha Kurani, mwembamba, mwenye miwani, aliyewahi kusoma Unguja. Kishindzuani chake, lugha ya kisiwa hicho, kilinishinda na Kingazija changu cha Mahajanga kilimchekesha, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, nilichokiokota kwa mabaharia. Aliniona bandarini nikimtuliza mlevi bila kumpiga. Akanifuata.

"Ile ulifanyaje?"

Nikamwonyesha. Akasema, "Tena." Nilipomwonyesha mara ya sita akasema kosa langu liko kwenye mguu, na alisema kweli.

Kwa miaka minne tulifanya mazoezi kila asubuhi katika nyumba ya mawe iliyobomoka paa, chini ya ngome. Hakuna aliyekuwa mwalimu wa mwenzake. Tulijaribu jambo, likashindikana, tukaulizana kwa nini. Hapo ndipo tulipoupata ule mkunjo wetu. Unakamata kifundo cha mkono, unaingiza bega chini ya kwapa la mtu, unageuza kiuno kidogo, naye anakwenda unakotaka. Ukizidisha kwa upana wa kidole, kiwiko kinatoka. Fundi aliuwekea sharti: anayekunja aache kabla mwenzake hajalalamika. "Ukingoja alie," alisema, "umekwisha kuchelewa."

Siku moja nilikuwa kwenye uwanja wa ndege wa Ouani, karibu na mji, nikipakua masanduku ya askari. Mmoja wao alinipiga teke. Nikamkunja, nikamtembeza hadi ukutani, nikamwachia. Nilijua nimekufa. Lakini mzungu wao, mamluki mwenye ndevu, alikuja akicheka, akaniuliza kwa Kifaransa nimejifunza wapi.

"Mwenyewe," nikasema.

"Basi njoo uwafundishe hawa."

Hakuniuliza mkanda. Naona haya kuandika jinsi nilivyofurahi. Fundi nilipomwambia alivua miwani yake akaifuta.

"Wale si wanafunzi," alisema.

"Wameniita mwalimu."

"Hata mimi naweza kukuita hivyo, kama ndicho unachotaka."

Nikaondoka kwa hasira. Kambini Moroni nilifundisha miezi minane, vijana arobaini waliosimama kwa mistari na kuniita bwana. Nilipofika kwenye sharti la fundi walicheka, na yule mzungu akaniambia hilo hawalihitaji. Ningeweza kubisha. Sikubisha. Nikaliondoa, nikaendelea na somo.

Nilirudi Mutsamudu kwa mapumziko ya Idi na kumkuta fundi amelala kwenye mkeka, mkono wa kulia umefungwa vipande vya ubao. Askari walikuwa wamemchukua mbele ya wanafunzi wake kwa maneno aliyoyasema msikitini. Walimzuia siku tisa. Mama yake alinifungulia mlango, hakuniitikia salamu.

Nikakaa chini. Nikakitazama kiwiko, nikautambua mkunjo wetu.

"Waliponishika nilijua hatua itakayofuata," alisema. "Nilijua na pa kutokea. Lakini walikuwa watatu, na mmoja alinikalia miguu."

"Nisamehe, fundi."

"Mguu wao ulikuwa sawa," akasema. "Umewafundisha vizuri."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Sikurudi kambini. Nilijificha kijijini kwa watu wa mke wangu, niliyemwoa miaka ile ya bandarini, mpaka askari waliponisahau, na baadaye mamluki wenyewe waliondoka nchini. Vijana niliowafundisha walibaki. Baadhi yao leo ni baba za watu, wananisalimu kwa heshima sokoni.

Mkono wa fundi haukunyooka tena. Alijifunza kuandika ubao wa chuo kwa mkono wa kushoto, herufi zikawa za kitoto kwa mwaka mzima, na wazazi wengine wakahamisha watoto wao. Mimi gunia sikuligusa tena. Watu hudhani nimeacha kwa sababu ya uzee.

Bado tunaishi mji mmoja. Vichochoro vya Mutsamudu ni vyembamba, wawili hawapishani ila mmoja ageuze bega. Nikimwona anakuja, nageuka mimi na kubana ukutani. Huniambia "Asante," kama amwambiavyo mtu yeyote, akapita.