Mwenye Kuni wa Mulanda

Kwa miaka tisa Florence alihudhuria kila msiba wa kijiji cha Mulanda, mashariki mwa Uganda, na mzigo wa kuni kichwani. Aliutua nyuma ya jiko, akawasalimu wanawake waliokuwa wakimenya viazi, kisha akaenda kukaa chini ya turubai pamoja na wageni. Hakushika mwiko wala hakuchota maji. Hakuna aliyewahi kumkataza waziwazi. Katika msiba wa kwanza baada ya kipindupindu, alinyoosha mkono achukue kisu, na jirani yake Norah akakisogeza upande wake taratibu.

"Wewe tuletee kuni, dada," Norah alimwambia. "Kuni hazina ugonjwa."

Wanawake walicheka. Florence naye alicheka. Binti yake wa pekee, Carol Athieno, alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa pale akiosha vikombe. Anasema hakuelewa kilichotokea hadi alipoona mama yake ameondoka bila kula.

Kipindupindu hicho kilifuata mazishi ya mtu mmoja. Februari 2016 alizikwa Ochwo, mpakiaji wa mizigo katika maghala ya Busia, upande wa Kenya. Katika mazishi ya Wajopadhola wa hapa, kabla ya sala, mtu wa familia husimama na kueleza ugonjwa: ulianza lini, mgonjwa alipelekwa wapi, alipewa dawa gani, alikata roho saa ngapi. Maelezo hayo husikilizwa kwa makini kuliko mahubiri. Aliyesimama siku hiyo ni Oketcho, kaka wa marehemu, msomaji wa kanisa. Alisema mdogo wake aliugua malaria kwa siku mbili, akaletwa nyumbani, akafia mikononi mwake.

Florence ndiye aliyetengeneza malwa, pombe ya wimbi ambayo watu hukaa kuizunguka chunguni na kuinywa kwa mirija mirefu. Ndani ya wiki moja watu ishirini na sita walikuwa wakiharisha na wanne walikuwa wamekufa. Maofisa wa afya walifika, wakauliza watu walikula nini na kunywa nini, wakaandika. Walimtaka Florence amwage mwenyewe mabaki ya chungu ndani ya shimo, kijiji kikitazama. Ripoti yao iliitaja pombe ya msiba kuwa "chanzo kinachoshukiwa." Neno la pili lilibaki kwenye karatasi. Kijijini lilifika la kwanza peke yake. Florence alikunywa malwa hiyo na hakuugua, na hilo nalo likahesabiwa dhidi yake.

Mwaka 2022 Carol alipata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha magharibi mwa Kenya, asomee shahada moja yenye masomo mawili, historia na afya ya umma. Haikuwa rahisi kuieleza. Mwendesha bodaboda aliyempeleka mpakani Busia siku ya safari alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa wewe natibu watu ya zamani? Hiyo wagonjwa nakuja kliniki namna gani?" Alicheka hadi walipofika kwenye foleni ya malori.

Florence hakucheka. Alikuwa ameuliza swali moja tu, kama katika shule hiyo wanafundisha namna ya kujua ugonjwa umetoka wapi. Carol alisema wanafundisha.

"Basi soma hiyo," mama yake alimwambia.

Alisoma. Asubuhi alichora ramani za milipuko na kuhesabu siku kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Mchana alisoma ripoti za madaktari wa kikoloni, ambamo waliokufa waliitwa "wenyeji" na kuhesabiwa kwa jumla. Mwalimu wake wa historia alishikilia kwamba kila dai liwe na mtu, mahali na tarehe. Mwalimu wa afya ya umma alishikilia kwamba hakuna jina la mhojiwa linalotoka nje ya daftari. Kila mtu apewe namba. Carol aliziandika kanuni zote mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, moja juu ya nyingine. Wakati huo hakuona kwamba zingeweza kugombana.

Mwaka wa tatu alichagua kuandika utafiti wake juu ya mlipuko wa Mulanda. Faili la upande wa Uganda lilianza siku moja baada ya mazishi. Hakuna aliyekuwa ameuliza kilichotokea kabla ya hapo, kwa sababu kabla ya hapo Ochwo alikuwa nchi nyingine. Carol aliomba ruhusa ya kuona daftari la wagonjwa la kliniki moja ya binafsi ya Busia, upande wa Kenya. Ruhusa ilichukua wiki sita. Mstari wenyewe aliupata kwa dakika kumi: Ochwo, mwanamume, miaka thelathini na minne, anaharisha maji kama ya mchele, anatapika, macho yamezama. Amefariki saa nane mchana. Mwili umechukuliwa na ndugu.

Tarehe ilikuwa siku mbili kabla ya mazishi. Kutoka meza iliyokuwa na faili moja hadi kliniki iliyokuwa na daftari hilo ni safari ya asubuhi moja, na kwa miaka minane hakuna mtu aliyekuwa amesoma yote mawili.

Yaliyobaki yalijipanga yenyewe. Kati ya wale wanne waliokufa, watatu walikuwa wameosha mwili wa Ochwo kisha wakagawa chakula kwa mikono. Wa nne alikuwa mke wa mmoja wao. Malwa ilikuwa ikiongezwa maji yaliyotoka kuchemka, kama kawaida.

Lakini mstari mmoja wa daftari hautoshi, mwalimu wa historia angesema. Carol alihitaji shahidi. Alikwenda kwa Oketcho na fomu ya ridhaa. Mzee huyo aliisoma mara mbili, akirudi kila mara kwenye mstari uliosema jina lake halitatajwa popote wala kwa yeyote. Akatia sahihi. Kisha akaeleza.

Kuvusha maiti mpakani kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji sababu ya kifo. Oketcho alijua kwamba kwa kipindupindu mdogo wake angetiwa kwenye mfuko na kuzikwa hukohuko na watu wasiomjua. Kwa hiyo alimvalisha koti na kofia, akamketisha kwenye pikipiki kati yake na dereva, akamfunga kwa leso kiunoni, wakapita njia ya panya nyuma ya soko. Njia nzima alimsemesha. "Vumilia, Ochwo. Tunafika nyumbani. Vumilia kidogo." Alifanya hivyo ili wapita njia waone mgonjwa. Walipokwisha kuvuka na hapakuwa na mtu wa kusikia, alijikuta bado anaendelea.

Carol alimuuliza kama alijua kilichompata Florence. Oketcho alisema ameziona zile kuni katika kila msiba. Carol alimuuliza kama angekubali kuyasema hayo mbele ya watu. Wanne walikufa, mzee alisema, na watatu wao ni yeye aliyewaita waje kuosha.

"Karatasi inasema hutanitaja, mwanangu."

"Sitakutaja, mzee."

Utafiti ulipata alama za juu kuliko wote wa mwaka huo. Ndani yake Mulanda ni Kijiji B, Florence ni Mshiriki wa 3, mpishi wa pombe, na Oketcho ni Mshiriki wa 11. Carol alileta nyumbani nakala iliyojalidiwa. Mama yake alifuta mikono kwenye kanga, akafungua kurasa ambazo hakuweza kuzisoma, akauliza yeye yuko wapi. Carol akamwonyesha.

"Na inasema nini, huyu namba tatu?"

"Inasema si yeye aliyeleta ugonjwa."

"Aliyeleta ni nani?"

"Siwezi kusema, mama. Nilitia sahihi."

Florence alikitazama kitabu kidogo, akakifunga na kumrudishia. "Wewe ni mtoto mzuri," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepewa pole. Carol anasema hapo ndipo alipojua kwamba hakuaminiwa. Wiki iliyofuata kulikuwa na msiba ng'ambo ya barabara. Florence alifunga mzigo wake mapema akatangulia.

Angeweza kumnong'oneza mama yake jina moja. Carol haoni haja ya kuulizwa hilo, maana amejiuliza vya kutosha. Anajua mama yake asingeweza kulibeba jina hilo pamoja na kuni na asilitue mahali. Anajua pia kwamba Oketcho alifungua kinywa kwa sababu ya karatasi ile tu, na bila yeye ukweli wenyewe usingepatikana. Hoja hizo zote mbili ni sahihi, na yeye hazitaji kama utetezi. Alipanga kumshawishi mzee polepole, likizo baada ya likizo.

Machi 2025 Florence alianguka akiwa anapasua kuni. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda na upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Alifika hospitali Tororo akiwa hai, akafariki siku ya pili alfajiri, Carol akiwa ameshika mguu wake.

Aliyesimama kueleza ugonjwa ni Carol. Alisoma kutoka kwenye daftari: vipimo vya shinikizo kwa miezi kumi na minne, dawa aliyopewa, siku alizoiacha, saa aliyoanguka, maneno ya mwisho aliyoyasema, ambayo yalikuwa ya kuuliza kama milango imefungwa. Hakuacha kitu. Alipofika mwisho aliinua macho. Oketcho alikuwa mstari wa mbele na kitabu cha sala magotini. Carol alifunga daftari akaketi, na Oketcho akasimama kuongoza sala. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakipika kwa kuni ambazo marehemu alikuwa ameshazipasua.

Siku ya tatu Oketcho alifika akisukuma baiskeli. Alikataa kiti. Alisema hajawahi kusikia ugonjwa ukielezwa namna ile, bila kupunguzwa mahali.

"Ile karatasi," alisema, "naifuta. Sasa unaweza kusema."

"Sasa nimwambie nani, mzee?"

Oketcho alisimama pale na baiskeli yake hadi Carol alipomsindikiza mpaka barabarani, kama inavyompasa mtoto kumsindikiza mtu mzima.

Oketcho alisema mwenyewe, kanisani, Jumapili moja ya mwezi Mei. Alivua joho lake la usomaji, akaliweka juu ya kiti, akaeleza kila kitu: kliniki, koti, kofia, leso. Alimtaja Florence kwa jina mara tatu. Familia mbili za wale wanne zilitoka kanisani kabla hajamaliza, na hadi leo hazimsalimu. Wengine walimshika mkono. Hasomi tena kanisani. Siku hizi hukaa kwenye benchi la nyuma.

Carol amehitimu na anasubiri ajira. Wakati huu ameanza utafiti mwingine, mdogo, ambao hakuna mwalimu aliyemwagiza. Anapita nyumba kwa nyumba Mulanda akiuliza swali moja: baada ya kipindupindu, nani alikataa kupika na mama yake, na kwa nini. Amekwisha kuwahoji wanawake kumi na tisa. Hakuna anayesema alikataa. Wengi wanasema walijua tangu mwanzo kwamba haikuwa pombe. Mmoja alisema alitaka kumtetea lakini hakupewa nafasi ya kuzungumza.

Norah alimkaribisha vizuri, akamwekea chai na karanga. Alisema yeye na Florence walikuwa kama ndugu wa tumbo moja.

"Kuni alizipenda mwenyewe, mama yako," alisema. "Tulimwambia apumzike, hakusikia."

Carol aliandika hivyohivyo, neno kwa neno, na tarehe. Kisha akamsomea fomu ya ridhaa, akamuuliza kama angependa jina lake lifichwe. Norah alishangaa. Alisema hana cha kuficha, aandike jina lake lote. Wale wengine kumi na wanane walikuwa wamejibu vilevile.