Kinyonga Ubavuni mwa Kikapu

Mwenye duka la zawadi mjini Kasese alikigeuza kikapu changu mara tatu, kama mtu anayetafuta funza kwenye embe. Nilikuwa nimekisuka kwa majuma matano: mkia wa kinyonga chini, mwili ukipanda ubavuni kwa mistari ya mshazari aliyonifundisha mama, na kichwa chenye pembe tatu karibu na mdomo wa kikapu. Vinyonga hao tunao milimani kwetu.

“Kazi iko mzuri, madamu,” akasema. “Lakini wazungu wanataka twiga.”

Bila shaka. Twiga ndio wenyeji wetu. Kila asubuhi hushuka kutoka kwenye theluji ya Rwenzori, wakapitia Karambi kula mihogo, wakafika Bwera mpakani kubadilisha fedha. Nilimshukuru kwa elimu hiyo, nikarudi Bwera kwa mama nimenuna.

Mimi nilijiona nimewazidi wote, maana nilikuwa na kitabu. Mgeni mmoja kutoka Kanada, aliyekuja kupanda mlima akateguka mguu kabla hajaugusa, aliniachia kitabu cha picha za sanaa ya Wasalish, wenyeji wa pwani ya magharibi huko kwao. Vijana wao wamechukua maumbo ya mabibi zao, duara na mwezi mwandamo na pembe zilizopinda, wakawachora upya samaki na kunguru wao kwenye vioo na kuta za mjini. Nikasema, kama wao wameweza, mimi nimekatwa mikono?

Tena kikapu chenyewe sikukisuka hasa kwa ajili ya duka. Macho ya mama yanazidi kufifia, na hajawahi kuniita msusi hata siku moja. Vikapu vyangu vyote huviita vyombo vya kuwekea kitunguu. Safari hii nilitaka anikubali kabla hajaacha kuona kabisa.

Nilimsimulia habari za twiga, akacheka hadi akakohoa. Kisha akakipapasa kikapu kuanzia mkiani, polepole. Vidole vilipofika kichwani vikasimama.

“Hii jicho ulitoa wapi?”

“Ni la kinyonga, mama.”

“Hapana, mutoto yangu. Hii iko jicho ya samaki. Ya kinyonga inatokea inje, inazunguka. Hii inalala tu.”

Uso ukaniwaka. Jicho lile nililitoa kitabuni zima zima, kwa samaki wa Wasalish. Mimi, adui mkubwa wa twiga!

Akaomba wembe. Akaanza kukata nyuzi za rafia kwenye mdomo wa kikapu, akafumua duru baada ya duru, pembe, kisha jicho, na kazi yangu ikawa inaangukia kitenge chake. Nilitamani kumnyang'anya. Alipofika shingoni akaacha, akaipapasa tena mistari ya mwili, yote, hadi chini.

“Huku iko yetu,” akasema. “Hata mimi singeweza.”

Nililia kama mtoto. Nilichukua sindano nikisuke kichwa upya, nikashindwa hata kutunga uzi, akautunga yeye kwa kupapasa.