Gari ya Jina Kubwa na Suruali ya Baba Njoki

Watu wa Mashimoni wakinisikia nikitaja gari, hata leo, lazima kuna mmoja ataangalia kando aanze kukohoa, na mimi najua anakohoa nini. Sikatai. Aibu niliyoipata Kawangware ile Jumapili niliiendea mwenyewe, nikiwa nimeoga, nimejipaka mafuta, na nimevaa suti ya kuazima (suruali ilikuwa fupi kidogo, lakini ukikaa haionekani, na mimi nilipanga kukaa).

Naitwa Shadrack. Natengeneza mageti na grili za madirisha hapa Mashimoni, na kwa karakana yetu hakuna mtu anayependa magari ya mbio kunishinda. Magari ya kuangalia kwa simu, sanasana. Wakati wa chai tukibishana, wenzangu walikuwa wanasema gari ya ndoto ni ile yenye jina, ile ikipita hata mtoto anaijua, na mimi ndiye nilikuwa nawapigia kelele kwamba jina halivuti gari, angalieni injini, angalieni breki, angalieni vile inashika kona. Nilihubiri hivyo mpaka sauti ikakauka. Halafu siku yangu ikafika.

Njoki, msichana ambaye tulikuwa tumeamua kuoana, aliniambia baba yake amekubali kuniona. Sasa baba Njoki si mtu wa mchezo. Amezaliwa Kawangware, familia yake ilikuwa na shamba pale Kabiro kabla ya hizo nyumba zote kujengwa, ana ploti, ana wapangaji, na juu ya hayo yote ni mzee wa kanisa. Mimi ni Mluhya nimetoka Bungoma na kisanduku cha vyuma, napanga chumba kimoja. Njoki akanieleza vizuri sana: "Shadi, beba mkate na sukari, kuja na adabu yako. Usijaribu kitu kingine."

Kama ningemsikiza, saa hii tungekuwa tunaongea mambo ya mpira.

Badala yake nilienda kwa Brayo, rafiki yangu tuliyesoma naye, ambaye huchunga yadi ya magari ambayo wasanii hukodisha kupigia video. Nikamwomba kitu cha siku moja. Akanionyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kijivu, mlango mmoja umechubuka, jina lake hata singeweza kulitamka, lakini alipoiwasha nilisikia kwa kifua kwamba hii sasa ni injini. Ya pili ilikuwa nyekundu. Iko chini kama mkeka, milango haifunguki kwenda kando, inapanda juu kama mabawa ya kuku anayetaka kupigana, na pale mbele kuna nembo ambayo hata nyanya yangu kule Bungoma anaijua.

"Hii ya kijivu inaenda," Brayo akasema. "Hii nyekundu, buda, ni ya picha. Inasukumwa mahali, msanii anaikalia, inasukumwa ikirudi. Ukienda nayo mbali itakuaibisha."

Nilisikia. Naapa nilisikia kila neno, na ni maneno yangu mwenyewe ya kila siku alikuwa ananiambia. Lakini nilikuwa tayari naona ile nyekundu imesimama kwa geti ya baba Njoki, na ile ya kijivu nikaiona kama mtu aliyekuja kuomba maji. Nikachukua ufunguo wa nyekundu.

Njiani haikuwa mbaya, nisidanganye. Kila tuta lilikwaruza tumbo la gari mpaka nasikia kwa meno, lakini nilifika, na wapangaji wote wakatoka nje, wengine na sabuni kwa mikono. Baba Njoki naye akatoka, mtu mkubwa, tumbo limetangulia, koti la ibada ya asubuhi bado liko mwilini. Hakunisalimia. Aliizunguka gari polepole, akafika pale mbele, akagusa ile nembo na kidole kimoja, vile mtu anagusa sufuria kuona kama iko moto.

"Umekuja na hii?"

"Nimekuja nayo, mzee." (Hapo sikudanganya. Angalia vizuri, sikusema ni yangu.)

Akaitikia kwa kichwa. "Hebu tufike hapo kituo cha Satellite turudi."

Mama Njoki akaita kutoka mlangoni, "Baba Njoki, chai iko tayari, na shangazi zake Njoki wanakuja saa hii."

"Chai itangoja."

Njoki alinitazama na macho ya mtu anayeona sufuria ikianguka na yeye yuko mbali.

Kumwingiza mzee ndani ilikuwa kazi, kwa sababu kile kiti kiko karibu na lami na yeye goti lake moja halikunji vizuri, lakini aliingia, mguu mmoja mimi ndiye nilimwingizia. Milango ikashuka. Tukatoka. Na mzee akabadilika! Yule mtu wa kuogopwa akaanza kuniamuru kama kijana aliyepewa baiskeli.

"Fungua madirisha. Yote."

Nikafungua.

"Punguza mwendo."

Nikapunguza.

"Kata hapo kushoto, pita kanisani. Ibada ya pili inatoka sasa hivi."

Nikakata kushoto. Kanisa lenyewe liko juu ya kamlima kadogo, na watu kweli walikuwa wanatoka, akina mama na vitambaa vyao vyeupe kichwani, kwaya, mchungaji amesimama mlangoni anasalimia watu. Mzee akatoa mkono nje akaanza kupunga. "Polepole, kijana, polepole zaidi," akaniambia. Na gari ya namna ile, ukiipandisha mlima kama konokono, ndani ya jua la saa sita, na injini ya kupigwa picha, mnajua wenyewe. Ilikohoa. Ikatetemeka. Ikazima pale pale mbele ya mchungaji, na moshi mweupe ukaanza kutoka mbele, mwingi, kama mtu anachoma majani mabichi.

Nikageuza ufunguo. Kimya. Nikabonyeza kitufe cha mlango. Kimya. Ile milango ya mabawa inatumia umeme, betri imekufa, na ule mshipi wa kufungulia kwa mkono nilipouvuta ukabaki kwa mkono wangu kama mkia wa mjusi.

"Fungua," mzee akasema.

"Imekataa, mzee."

"Imekataa aje?"

Kabla nijibu, sauti ya mama mmoja ikapasua hewa: "Inaungua! Mzee ataungua ndani!"

Jamani. Ule ulikuwa mvuke wa maji tu, lakini nani angesikiza? Kwaya nzima ilikuja mbio. Mikono ikaingia kwa dirisha la mzee, wakamshika mabega, wakamshika koti, wakavuta. Kichwa kikatoka, mabega yakatoka, tumbo likakwama. "Vuta! Msimwache!" Mzee ananguruma, mchungaji anaomba kwa sauti, na mimi kwa ujinga wangu nikaona nisaidie, nikamsukuma kutoka nyuma kwa nguvu zangu zote za kupinda vyuma. Alitoka. Suruali haikutoka yote. Mshipi wake wa kiunoni ulishikwa na kitu pale mlangoni, nikasikia sauti ndefu ya kitambaa kupasuka, na baba Njoki, mzee wa kanisa, akatua mikononi mwa kwaya na upande mmoja wa mwili wake uko wazi kuanzia kiunoni hadi kwa goti.

Hakuna mtu aliyecheka. Hiyo ndiyo ilinishtua zaidi. Mama mmoja akafungua leso yake, akamfunga mzee kiunoni bila kumwangalia usoni.

Mimi mlango wangu pia ulikuwa umekataa, na nilikuwa nimeganda, sikuweza hata kuinua mguu nipitie dirishani. Kwa hivyo vijana wa kanisa wakaisukuma gari mpaka nyumbani nikiwa ndani, nimeshika usukani, natazama mbele kama dereva wa maana. Tulipokaribia geti, shangazi zake Njoki, ambao walikuwa wamefika na hawajui lolote, waliona pua nyekundu ikitokea kwa kona wakapiga vigelegele. Wakaona vijana wanasukuma, vigelegele vikapungua. Halafu wakamwona mzee nyuma, anatembea na leso ya maua. Wa mwisho alikata kigelegele chake katikati akajifunika mdomo.

Nilitoka kwa dirisha nikaanguka na mikono miguuni pa mama Njoki.

Tukaingia ndani, chai ikamiminwa. Mzee akaja na suruali nyingine, akakaa, akanitazama. Shangazi wote wanne, Njoki, mamake, kila mtu ameshika kikombe hewani.

"Kuna njia fupi ya kwenda Satellite," akasema. "Nani alikutuma kupitia kanisani?"

Niseme ni yeye? Ni kweli ni yeye! Nikaona macho yake, na ndani yake nikaona kitu sikutarajia kwa mtu kama yule. Alikuwa anaogopa.

"Hakuna, mzee," nikasema. "Nilipotea njia."

Akaweka kikombe chake mezani.

"Alipotea njia," akawaambia wote. Kisha akamgeukia mkewe. "Mwongezee huyu kijana chai. Na umpe kiti kizuri."

Brayo alikuja kuivuta gari kwa kamba, na mimi nilirudi nyumbani na miguu, suruali fupi na yote. Tangu hapo nimeapa: chochote nitakachokipanda kwenda kwa watu, kwanza nitauliza kama kinafika. Njoki ni mke wangu sasa. Nikienda kwao, mzee hupenda kunisindikiza jioni mpaka barabarani, tunaongea mambo ya mvua na mageti. Na tukifika pale njia inapogawanyika, tunazunguka tu ile ya nyuma, ndefu, yenye matope, ambayo haipiti kanisani.