Walikubali Mtoto Mmoja

Sisi tuliokulia Al Qusais, mtaa wetu wa huku Uarabuni, kabla treni haijapita juu ya vichwa vyetu tuna utoto ambao watoto wetu wanausikia kama habari za nchi nyingine. Tulicheza nage kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya majengo, mpira wetu ukiwa soksi iliyojazwa matambara. Ndege zilipita chini mno, ikabidi mtu anyamaze katikati ya ugomvi, asubiri ngurumo iishe, kisha aendelee kugombana pale alipoachia. Jua likipungua ukali tulitumwa bakala, kile kiduka cha kona, tukarudi na mkate wa moto tumeshaumega pembe zote.

Leo nikimwambia mwanangu ashuke dukani ananitazama kama nimemtuma Muscat kwa miguu. Anabonyeza simu, na kijana wa pikipiki analeta mpaka mlangoni. Chakula kikifika kinapigwa picha kwanza, kisha kinaachwa nusu. Namwambia, "Maliza." Ananijibu, "Nimeshiba, mama," neno ninalolijua tangu zamani, na wakati ule halikuwa la kweli.

Alikuwa akilisema dada yangu, Zuhura. Yeye alikuwa darasa la saba na mimi la tatu. Alikuwa mrefu, mwepesi wa miguu, hakuna aliyempata kwenye nage. Asubuhi alinisuka mimi kwanza, kisha akajifunga ushungi wake haraka haraka, tukaenda shule tumeshikana mikono. Nyumbani tulikuwa wanne, na baba alifanya kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Ijumaa mama alipika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na harufu yake ilishuka ngazi zote mpaka mlango wa chini. Majirani wa Kisudani walikuwa wakigonga na sahani tupu, wakicheka. Baba akiwaona husema, "Karibuni, chakula hakina mwenyewe."

Kisha kreti lilimwangukia baba mgongoni. Alilala wiki nyingi ubavu mmoja, uso ukitazama ukuta. Arbab wake, yaani tajiri wake wa kazi, alikuja kumtazama na tende, akamwambia, "Khalas, basi, pumzika," na kumbe kupumzika huko ndiko kuachishwa kazi. Jamaa mmoja wa mama alitusaidia tusifukuzwe nchini, maana ukaazi wetu ulitegemea kazi ya baba. Karo yetu ilikuwa imeshalipwa mpaka mwisho wa mwaka. Chakula ndicho kilichotushinda. Ijumaa ikawa siku kama siku nyingine. Majirani waliacha kugonga, nadhani kwa heshima.

Mama alisikia kwamba shule ina utaratibu wa kuwapa chakula cha mchana bure watoto wa wazazi waliokwama. Ilitakiwa baba aombe kwa maandishi na kutia saini. Nakumbuka siku mama alipomletea kalamu kitandani.

"Mwanangu hatoombewa chakula," baba alisema. "Si mimi ninayewaita watu waje kula kwangu?"

"Haombewi, anaandikishwa," mama alijibu. "Nyumba imeshakuwa na mgonjwa mmoja, Salum. Usitake iwe na watatu."

Baba alitia saini amelala, kisha akageukia ukuta tena.

Mama alivaa baibui lake jeusi la harusini, akatuchukua sote wawili mpaka ofisi ya shule. Madam wa ofisini alikuwa mwanamke mpole, tena mwenye haya. Alisoma karatasi, akatutazama, akainua kidole kimoja.

"Wahad, mama. Mmoja tu. Kila nyumba mtoto mmoja."

"Ninao wawili," mama alisema. "Wote wanakula."

"Najua. Wahad bas. Wazazi wengi wameomba."

Mama alitugeukia. Sijapata kuona tena uso kama ule. Alimtazama Zuhura, akanitazama mimi. Zuhura hakumngoja.

"Muandike Saada," alisema. "Mimi chakula chao sikipendi."

Hivyo nikaandikwa mimi. Kila mchana nilikwenda kantini, chumba chenye ukuta wa kioo, nikapewa wali na dengu, yai la kuchemsha na tufaha. Sisi wa bure tulikaa meza ya mwisho, na kila mtu alijua kwa nini. Siku ya kwanza nilitia yai mfukoni nimpelekee dada. Mama wa Kihindi aliyetusimamia alilitoa taratibu, akaliweka tena kwenye sahani yangu. "Kula hapa, beti," alisema, akiniita binti kwa lugha yake. Ilikuwa amri aliyopewa, na macho yake yalinionea huruma. Nje ya kioo Zuhura alikaa kwenye benchi na kipande cha chapati kavu, siku nyingine bila kitu. Alikunywa maji ya bomba, akafungua kitabu, akajifanya anasoma.

Tukirudi nyumbani aliniuliza, "Leo mmekula nini?" Nilimweleza. Alitaka kujua kama dengu zilikuwa nzito au nyepesi, kama wali ulikuwa na bizari, kama tufaha lilikuwa jekundu au la kijani. Nilidhani ni mchezo, nikawa namsimulia kwa mbwembwe. Mama akimuuliza kama ana njaa, alisema, "Nimeshiba."

Mwezi wa joto kali ulipoanza alianguka kwenye mstari wa asubuhi. Nilimwona akienda chini polepole, kama mtu anayekaa kitako. Daktari alisema ni vidonda vya tumbo na upungufu wa damu. Mama alirudi kwa yule madam kumwomba tena. Madam alilia pamoja naye, lakini nafasi haikuwepo.

Baba ndiye aliyekata shauri. Zuhura aende Unguja kwa bibi, huko angalau muhogo na dagaa havikosekani, mpaka mambo yatengemae. Hakuna aliyebishana naye. Siku ya safari baba aliinuka kitandani kwa mara ya kwanza bila kushikwa, akamfungia sanduku kamba mwenyewe. Uwanjani Zuhura alinitengeneza nywele zangu, ingawa zilikuwa zimeshasukwa, akaniinamia sikioni.

"Usinihurumie ukashindwa kula," alisema. "Nitajua."

Mambo yalichelewa kutengemaa. Baba alikuja kupata kazi ya kulinda ghala, lakini Zuhura alikuwa amekaa nje muda mrefu, ukaazi wake ukafutika, na mshahara mpya haukuruhusu kumdhamini upya. Mwaka ukapita, na mwingine. Akaolewa kulekule. Baba alifariki bila kumwona tena. Hata ule wali wa Ijumaa uliporudi, baba akiwa bado hai, mama alipakua sahani nne, akasimama akiitazama ya nne, kisha akaurudisha wali sufuriani.

Sasa mimi ndiye mama, na bado naishi Al Qusais. Enzi zetu ombi la chakula lilitaka baibui la harusini na saini ya baba anayeona haya. Mwaka huu kampuni ya mume wangu ilipopunguza watu, naye akiwamo, niliomba kwa simu nikiwa jikoni, sufuria iko motoni. Jibu lilikuja kabla mchuzi haujaiva. Watoto wote kantini wana kadi za rangi moja, wanakaa wanapotaka, na wanangu hawajui nani kalipiwa na nani hakulipiwa. Wanalalamika tu kwamba kuku hana ladha.

Zuhura nami huzungumza kwa simu kila Ijumaa. Hatuna mengi. Yeye amebaki na Kiunguja chake kizuri, mimi changu kimechanganyika kila kitu, na mara nyingine tunasubiriana kama watu waliokutana safarini. Ijumaa iliyopita nilimwambia kuhusu chakula cha wanangu.

"Wameandikwa?" aliuliza.

"Wameandikwa."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, dada."

Nilisikia mtu akitwanga kitu uani kwake, kinu kikipiga taratibu.

"Afadhali," alisema. Kisha akaniuliza kama huku joto limeshaanza.